Mavuno yangu niliyakuta kwenye chupa za taka

Usiku ule nilipima mara tatu. Mizani ilisema gramu 9.1. Nikaitoa chupa, nikaifuta, nikairudisha, ikasema tena 9.1. Hesabu ya karatasini ilisema mmenyuko ukikamilika wote nitapata gramu 13.75, na mchana wake mashine ya HPLC, inayotenganisha kampaundi na kupima kila moja, ilikuwa imenionyesha kwamba asilimia 94 ya dawa imeshatengenezwa. Yaani ndani ya chupa ya mmenyuko kulikuwa na gramu 12.9, na mkononi nilikuwa na 9.1. Gramu 3.8 zilipotea kati ya chupa na mizani, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Dawa yenyewe ni erlotinib, katika umbo la chumvi ya haidrokloridi. Hutumika kwa saratani ya mapafu, hasa ile yenye mabadiliko kwenye jeni la EGFR, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2004. Dozi ya kawaida ya mgonjwa wa mapafu ni miligramu 150 kwa siku. Nilipiga hesabu palepale: gramu 3.8 za chumvi ni dozi za siku 23. Nilichotengeneza hakikuwa cha kumezwa na mtu, kilikuwa cha vipimo vya maabara tu, lakini hesabu hiyo ilinikaa kichwani na haijatoka mpaka leo.

Naandika kwa ajili ya yule anayeanza sasa kutengeneza kampaundi za aina hii, ambaye bado anaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba mavuno yakiwa madogo tiba yake ni kutafuta kichocheo kipya au kiyeyushi kipya. Imani hiyo ilinigharimu miezi 14. Sehemu kubwa ya nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nacho tayari. Nilikuwa nakimwaga.

Kazi niliyopewa ilionekana fupi. Kundi letu lilitaka kampaundi kadhaa zilizo jamaa za erlotinib, zote zenye kiini kimoja cha kwinazolini, yaani pete mbili zilizoshikana zenye naitrojeni, ili wenzetu wa upande wa seli wazipime. Erlotinib yenyewe ingekuwa ya kulinganishia. Njia yake inajulikana na ina hatua sita. Unaanza na esta yenye makundi mawili ya haidroksili na kuyavisha minyororo ya methoksiethili. Unaweka kundi la naitro. Unaligeuza kuwa amini. Unafunga pete ya pili kwa formamidi, upate kwinazolinoni. Unaing'oa oksijeni ya pete hiyo na kuweka klorini mahali pake. Mwisho unaiunganisha ile kloridi na 3-ethinilanilini.

Mzunguko wangu wa kwanza ulitoa asilimia 78, 82, 75, 64, 58 na 47. Ukiziangalia mojamoja hazitishi sana. Zizidishe: inabaki asilimia 8 na kidogo.

Kuzidishana huku ndiko kunakowatesa wote wanaotengeneza dawa za saratani, kwa sababu nyingi ni molekuli zenye njia ndefu. Hatua 10 za asilimia 90 kila moja zinakuachia asilimia 35. Zishuke kila moja hadi 80, unabaki na 11. Paclitaxel ni mfano ambao kila mwanafunzi wa kazi hii anapaswa kuujua. Wall na Wani pamoja na wenzao walichapisha umbo lake mwaka 1971, baada ya kuipata kwenye magome ya mti wa Taxus brevifolia, na mti ukibanduliwa magome yote hufa. Mwaka 1994 kundi la Holton na kundi la Nicolaou yalitangaza kwamba yameijenga yote tangu mwanzo. Ilikuwa kazi kubwa mno, lakini hatua zilikuwa nyingi kiasi kwamba njia hizo zisingeweza kulisha hospitali. Kilichosaidia ni kuanzia karibu na mwisho: majani ya mti wa jamaa yake, Taxus baccata, yana kampaundi iitwayo 10-deasetilibakatini III. Majani yakichumwa huota tena, na mkemia anabaki na kazi ya kuunganisha mnyororo wa pembeni kwa hatua chache. Eribulin nayo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, hujengwa kwa hatua zaidi ya 60, na hilo linawezekana kwa sababu vipande vyake vikubwa hutengenezwa kila kimoja kivyake ndipo vikutanishwe.

Mimi nilikuwa na hatua sita tu, na nilikuwa nashindwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kufurahia namba. Hatua ya kuvisha minyororo ilinipa asilimia 104 kwa uzito. Nilijua kwamba haiwezekani, lakini nilijiambia ni mizani, nikaandika kwenye daftari "takriban 100" na kuendelea. Wiki iliyofuata mwalimu alipitia daftari langu na hakusema kitu kirefu. Aliuliza, "Hii takriban ni kipimo gani, mwanangu?" Nilirudi kwenye chupa ile, nikapima sampuli kwenye NMR, mashine inayosoma haidrojeni za kampaundi kwa sumaku, nikiwa nimetia trimethoksibenzini niliyoipima kwa uangalifu. Hii ni kampaundi safi, kavu, haivukizi ovyo, na haidrojeni zake tatu za pete hutoa kilele kimoja kinachosimama peke yake, mbali na vilele vyangu. Unalinganisha eneo la kilele chake na la kampaundi yako, unapata kiasi halisi. Mafuta yangu yale yalikuwa robo nzima kiyeyushi na mabaki ya bromidi ya kuvishia minyororo. Mavuno ya kweli yalikuwa 78.

Tangu siku hiyo sikuandika tena mavuno kwa uzito mtupu. Naandika namba mbili: uzito, na uzito uliozidishwa kwa usafi. Kama unaanza kazi hii leo, fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Bila namba ya pili hujui kama badiliko ulilofanya jana limesaidia au limeacha tu kiyeyushi kingi zaidi kwenye chupa.

Hatua iliyonitoa machozi ni ya kuweka klorini. Niliirudia mara 11.

Kitendanishi ni fosforasi oksikloridi. Nilikuwa naiweka nyingi, mara kumi ya inayohitajika, nachemsha, navukiza iliyozidi, na kumwagia mabaki maji ya barafu. Mavuno: 58. Kila nikituma sampuli kwenye HPLC wakati wa mmenyuko, naona kilele kikubwa cha kwinazolinoni ambayo haijageuka. Nikahitimisha kwamba mmenyuko ni mvivu. Nikaongeza saa tatu za kuchemsha. Kilele hakikupungua. Nikaongeza usiku mzima, asubuhi nikakuta kitu cheusi kinachonata kwenye kuta za chupa.

Nikaanza kubadilisha mambo. Usiku mmoja, kwa hasira, nilibadili kiyeyushi, joto na kiasi cha kitendanishi kwa pamoja. Yakatoka mavuno ya 71. Nilipiga simu kwa furaha. Halafu kwa wiki mbili nilirudia kitu kilekile bila kubadili hata kimoja, nikapata 55, 68, 60. Sikujua kwa nini yalipanda na sikujua kwa nini yalishuka. Huo ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Nilikuwa nafika maabara, nakaa mbele ya kabati la kuvuta mvuke, na mikono haitaki kuanza.

Aliyenitoa hapo ni fundi wetu wa maabara, mzee ambaye sote tulimwita Babu. Alikuwa anatazama nikiandaa sampuli. Nilichukua tone kutoka kwenye mmenyuko, nikalitia kwenye kichupa cha kiyeyushi cha mashine, kile chenye maji na asidi kidogo, nikakipanga kwenye foleni. Babu akauliza, "Hicho kitakaa muda gani kabla ya kupimwa?" Nikasema saa mbili, foleni ni ndefu. Akasema, "Na hiyo klorini yako inapenda maji kwa saa mbili?"

Nilihisi damu imenishuka. Kloridi ya kwinazolini huvunjwa na maji yenye asidi na kurudi kuwa kwinazolinoni. Kilele nilichokuwa nakiona hakikutoka kwenye mmenyuko, nilikuwa nakitengeneza mwenyewe ndani ya kichupa cha sampuli. Mmenyuko ulikuwa unaisha mapema, na saa zote nilizoongeza zilikuwa za kuiunguza kampaundi iliyokwisha kuwa tayari.

Dawa ya hilo ni ndogo: tone la mmenyuko litie kwanza kwenye pirolidini ndani ya asetonitrili kavu. Pirolidini huishika kloridi mara moja na kuifanya kampaundi tulivu isiyoogopa maji, na hiyo ndiyo unayopima. Nilipofanya hivyo niliona kwamba mmenyuko umeisha chini ya saa mbili. Kabla ya kuuboresha mmenyuko wowote, thibitisha kwamba sampuli yako inafika kwenye mashine ikiwa kitu kilekile ulichokichukua.

Baada ya hapo mengine yalianza kujipanga. Mavuno kupanda na kushuka kulitokana na maji. Kwinazolinoni yangu niliiosha kwa maji, kisha nikaikausha kwa kuiacha usiku kucha kwenye chujio. Kwa macho ilikuwa unga mkavu. Nilipoipima kwa njia ya Karl Fischer, inayopima maji yaliyomo, sehemu moja ilikuwa na maji mengi kuliko nyingine, na kila molekuli ya maji inakula kitendanishi na kuzaa asidi. Sasa naichemsha kwanza ndani ya tolueni, maji yanatoka pamoja na mvuke wa tolueni, na chupa hiyohiyo naiendeleza bila kuifungua.

Kulikuwa pia na kampaundi nzito iliyojitokeza mwishoni mwa mchoro wa HPLC, na kumbe ilikuwa molekuli mbili zilizoshikana. Kwinazolinoni ambayo bado haijageuka hukutana na ile iliyogeuka, zikaungana. Nilipogeuza mpangilio, nikawa naitia kwinazolinoni polepole juu ya fosforasi oksikloridi iliyo tayari kwenye tolueni ya moto pamoja na besi, hazikupata nafasi ya kukutana kwa wingi. Kitendanishi nikakishusha kutoka mara kumi hadi zaidi kidogo ya moja. Na kloridi nikaacha kabisa kuikausha: naosha tolueni yake haraka kwa mmumunyo baridi wa besi laini, napima kiasi kilichomo ndani ya mmumunyo, na kuivusha moja kwa moja kwenye hatua inayofuata. Asilimia 86.

Hapa lazima niseme jambo la hatari, maana nilikaribia kuumia. Zile siku za kutumia kitendanishi kingi, nilikuwa nakusanya kile kilichovukizwa, kama mililita 60, na siku moja nikakimimina kwenye bika la barafu nikidhani baridi ni usalama. Hakikufanya kitu. Kilikwenda chini kikatulia kama mafuta mazito. Nikageuka kuandika. Dakika kadhaa baadaye bika lote lilichemka kwa mkupuo mmoja na kurusha asidi kwenye kioo cha kabati. Kioo kilikuwa kimeshushwa, na ndiyo sababu bado nina macho mawili. Kwenye baridi, fosforasi oksikloridi huvunjika nusu na nusu, joto likijilimbikiza ndani yake, kisha linatoka lote kwa pamoja. Iharibu kwa kuitia tone kwa tone kwenye maji ya uvuguvugu yanayokorogwa kwa nguvu, kipimajoto kikiwa ndani, ili kila tone liishe kabla ya jingine kuingia. Usiondoke hapo. Na bora zaidi ni kutumia kiasi ambacho hakikuachii cha kuharibu.

Hatua ya mwisho, ya kuunganisha na anilini, nilidhani naielewa. Inatoa asidi ya haidrokloriki, nami nilifundishwa kwamba asidi inayozaliwa uifunge kwa besi. Nikaweka triethilamini. Baada ya usiku mzima mmenyuko ulikuwa umekwama karibu na asilimia 60, na kilichopatikana nilikisafisha kwenye safu ya silika, unga wa kutenganishia kampaundi, ambako kampaundi ilijikokota na kuacha mkia mrefu. Ndiyo 47 ile ya mwanzo.

Kumbe asidi ile ndiyo inayousukuma mmenyuko. Protoni ikikaa kwenye naitrojeni ya pete, pete inakuwa na njaa ya elektroni, na kaboni yenye klorini inakuwa rahisi kushambuliwa na anilini. Kila molekuli inayoungana inatoa asidi inayoharakisha zinazofuata. Besi yangu ilikuwa inaondoa kila protoni iliyozaliwa. Nilipoiacha, nikaongeza isopropanoli kwenye ule mmumunyo wa kloridi baada ya kuvukiza sehemu kubwa ya tolueni, nikatia na tone la asidi la kuanzishia, mmenyuko uliisha kwa saa chache na chumvi ya erlotinib ikaanza kujitenga yenyewe, unga mweupe unaozunguka na sumaku ya kukorogea. Silika sikuihitaji tena.

Hiyo ndiyo siku niliyopima 9.1.

Nilikuwa nimefurahi tangu mchana. Asilimia 94 kwenye mashine! Nikachuja, nikaosha fuwele kwa isopropanoli nyingi ziwe nyeupe kabisa, nikakausha, nikapima: 66. Mchujo, yaani kile kioevu kilichopita kwenye chujio, nilikuwa nimeshaumimina kwenye chupa kubwa ya taka pamoja na maji ya kuoshea. Babu alikuwa amenitazama nikimimina, na kesho yake nilipomweleza alisema, "Binti, mali bila daftari huisha bila habari. Uliyapima hayo uliyomwaga?"

Nilirudia hatua nzima kwa kiasi kilekile, gramu 10 za kloridi, na safari hii sikumwaga kitu. Mchujo kwenye chupa moja. Maji ya kuosha ya kwanza kwenye nyingine, ya pili kwenye nyingine. Chupa ya mmenyuko, sumaku na karatasi ya chujio nikavisuuza kwa methanoli na kuuweka huo msuuzo kando. Kila chupa nikaipima ujazo, nikachukua sampuli, nikapeleka kwenye HPLC dhidi ya mmumunyo wa erlotinib wenye kiasi kinachojulikana. Nilichora kwenye daftari safu mbili, kimeingia na kimetoka.

Mchujo: gramu 2.7. Maji ya kuosha yote mawili: 0.8. Vyombo na karatasi: 0.2. Jumla 3.7, karibu yote niliyokuwa nimelilia. Hakuna mmenyuko mbaya, hakuna uharibifu. Nilichuja chupa ikiwa bado vuguvugu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona fuwele, na niliosha kwa kiyeyushi cha joto la kawaida, kingi kupita kiasi, ambacho kiliyeyusha na kuondoka nacho.

Nikajaribu tena: kiyeyushi kipungue theluthi, mbegu ya fuwele itiwe mapema, chupa ipoe polepole kwa saa nne hadi karibu na nyuzi sifuri na ikae hapo saa mbili, kisha ioshwe mara mbili kwa isopropanoli baridi ya kiasi kidogo, ikimiminwa juu ya keki iliyobanwa bila nyufa. Gramu 12.2. Asilimia 89.

Ile safu ya kimeingia na kimetoka nikairudisha nyuma kwenye hatua zote. Kwenye kugeuza naitro kuwa amini, kwa haidrojeni na kichocheo cha paladiamu iliyobebwa na mkaa, robo ya amini ilikuwa imekaa ndani ya mkaa kwenye chujio. Kuusuuza mara tatu kwa kiyeyushi vuguvugu kukayapandisha mavuno kutoka 75 hadi 94. (Usiuache mkaa huo ukauke, huwaka wenyewe; uweke ukiwa na maji. Na pima paladiamu iliyobaki, kwa sababu kiwango kinachokubalika kwa dawa ya kumeza ni mikrogramu 100 tu kwa siku.) Kwenye kuweka naitro tatizo lilikuwa joto: kwenye gramu moja hulioni, kwenye gramu 50 chupa haipati uso wa kutosha wa kupoa, kwa hiyo kasi ya kutia asidi ndiyo inayoamua kila kitu. Hapo sina mengi ya kusema zaidi ya kipimajoto ndani ya chupa na subira.

Kosa la mwisho lilitokana na uroho, na liliwagharimu wengine. Baada ya kugundua thamani ya mchujo, niliuvukiza nikapata fuwele za awamu ya pili, nzuri kwa macho, na nikazichanganya na za kwanza ili namba ipande. Dada wa upande wa seli alipima unga ule akapata matokeo yasiyolingana na ya awali. Alitumia wiki tatu kutafuta kosa kwake, akabadili hadi seli. Kosa lilikuwa kwangu. Erlotinib ina kundi la alkini mwishoni, na kwenye asidi na joto la muda mrefu alkini hiyo hupokea maji na kugeuka kuwa kundi la asetili. Kampaundi hiyo ya kando ilikuwa imebaki kwenye mchujo, na nilipoukausha niliirudisha yote ndani ya dawa pamoja na mabaki ya anilini. Anilini za aina hiyo si uchafu wa kupuuzwa: zipo zinazodhuru DNA, na katika dawa kiwango chake hudhibitiwa kwa ukali.

Nilimwomba radhi mbele ya kundi zima, kwa sababu wiki zake alizipoteza mbele ya kundi zima. Tangu hapo awamu ya pili inakaa kwenye chupa yake, na mchoro wake wa HPLC na lebo yake, na haiunganishwi na ya kwanza hadi isafishwe na kupimwa upya. Kama haifiki usafi, haihesabiwi kwenye mavuno. Nimeona watu wakikosana kuhusu hili, na msimamo wangu ni huo.

Jambo moja kuhusu mwili wako mwenyewe. Kampaundi hizi zimetengenezwa ili ziguse seli hai, na kadiri mavuno yanavyopanda ndivyo unavyoshika unga mwingi zaidi. Mwanzoni nilikuwa nakwangua chujio mezani. Sasa upimaji wa unga mkavu naufanya ndani ya kabati, glovu mbili, na kijiko kinaoshwa palepale. Mwenzetu anayeshika kitasa cha mlango baada yako hakuchagua kuishika dawa yako.

Mzunguko wa karibuni ulitoa 90, 88, 94, 83, 86 na 89. Ukizizidisha ni asilimia 47, mahali palipokuwa na 8. Gharama yake ilikuwa miezi 14, mizunguko mingi ya malighafi, kioo kimoja cha kabati kilichochorwa na asidi hadi leo, na urafiki mmoja uliochukua muda kurudi.

Ile 83 ni ya kufunga pete, na bado haijanipa jibu. Safu yangu ya kimetoka inafika 91, kisha asilimia 9 hazionekani popote, wala kwenye mchujo wala kwenye msuuzo. Formamidi kwa joto lile inatoa mvuke, na mtego wa baridi uliokuwa juu ya kipozeo sijawahi kuupima. Jana niliuosha kwa methanoli badala ya kuumwaga. Chupa iko rafuni, ina lebo, na iko ya tatu kwenye foleni ya HPLC.